Kisoma Skrini na Mstari wa Amri

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowasumbua wafasiri zimo mbili zinazokutana katika kazi ya mtumiaji asiyeona: kisoma skrini, yaani programu inayoyatamka maandishi kwa sauti, na mstari wa amri, yaani mahali pa kuandika maagizo kwa herufi badala ya kuchagua picha kwa kipanya. Ili tuzipime vema, hatuna budi kurejea zilikotoka.

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Watumiaji wake wa mwanzo walifanya kazi kwa teleprinta, mashine iliyopiga chapa majibu juu ya karatasi, herufi moja moja, tena polepole. Kwa ajili hiyo amri zilifupishwa mno (ls, cp, mv), na programu iliyotimiza kazi bila kosa ilizoea kunyamaza. Mwaka 1973 ikaongezwa njia ya kupeleka matokeo ya amri moja ndani ya amri nyingine, nayo ikaitwa bomba. Wabunifu wale hawakumfikiria asiyeona. Hata hivyo maandishi yajayo mstari kwa mstari, na programu isiyopiga porojo, ndivyo vimfaavyo mtu anayesikiliza.

Visoma skrini vilifuata baadaye. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilionyesha mistari 25 ya herufi 80, na kila herufi ilihifadhiwa kwa namba yake katika kumbukumbu. Programu ya kusoma ilizichota namba hizo na kuzipeleka kwenye chombo cha sauti. Mojawapo ilikuwa JAWS ya mwaka 1989, kazi ya Ted Henter, ambaye alipoteza uwezo wa kuona katika ajali mwaka 1978. Hapo ndipo jina linapopotosha kidogo: chombo hiki hakiitazami skrini hata mara moja, husoma kilicho nyuma yake.

Windows ilipoenea, maneno yaligeuzwa kuwa picha ya nukta, na visoma skrini vikalazimika kuyanasa maandishi kabla hayajachorwa. Lakini mwaka 1995 ulianza mradi wa Cygwin, ulioleta zana za Unix ndani ya Windows, na mwaka 2016 Microsoft yenyewe ikaiingiza Linux ndani ya Windows 10. Asiyeona akaupata tena mstari wa maandishi bila kuiacha kompyuta ya ofisi. Si kwamba shida zimekwisha: programu inayochora upya dirisha zima, au inayoonyesha maendeleo kwa vistari vinavyosogea, humpa msikilizaji makelele matupu. Ndiyo maana wengi huyaelekeza matokeo kwenye faili, kisha wakayasoma kwa utulivu.

Kisoma skrini cha NVDA, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na sauti ya eSpeak iliyomo ndani yake inajua Kiswahili. Hata hivyo amri ni za Kiingereza na ujumbe waweza kuwa wa Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikikutana na neno "pale" hulitamka "peil"; ya Kiswahili nayo huziharibu amri.

Sisi twaona kisoma skrini kiachwe kilivyo, kwa kuwa kimekwisha zoeleka, na bomba libaki bomba. Amri zenyewe zisifasiriwe, maana kompyuta haitaitambua amri iliyobadilishwa hata herufi moja. Kazi yetu iko katika ujumbe. Msomaji aonaye huruka maneno ya adabu kwa jicho. Msikilizaji hungoja mpaka sauti ifike penye maana. Basi "Tunasikitika kukuarifu kwamba faili uliyoitaja haikuonekana" ni sentensi sahihi isiyofaa mahali hapa. "Faili haipo" ni afadhali. Na kwa kuwa Kiswahili kinaturuhusu kutanguliza kitenzi, tungependelea: "Haipo: barua.txt".