Blanketi la Viraka: Historia Fupi ya Zawadi ya Wakimbizi kwa Wakimbizi



Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kamati yetu imeonelea vema kuandika historia ya kitu ambacho baadhi yetu tumekilalia bila kuuliza kilikotoka, yaani blanketi la viraka. Watu wa pwani huliita mfarishi.

Tunaandika kwa sababu akina mama wa kikundi chetu cha ushonaji wamegawanyika. Wamekusanya magunia matatu ya mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani wa sokoni. Wengine wanasema mablanketi yote yauzwe, kwani mkimbizi ni mtu wa kupewa, hana cha kutoa. Wengine wanasema sehemu yapewe wageni wanaofika usiku na watoto mgongoni. Kabla ya kuamua, tutazame wenzetu wa zamani walifanyaje.

Mwaka 1920, baada ya vita na mapinduzi, njaa iliwapata watu wa Ukraine. Miongoni mwao walikuwamo Wakristo wa madhehebu ya Mennonite. Ndugu zao wa Marekani na Kanada waliunda kamati ya kuwasaidia, iitwayo Mennonite Central Committee, ambayo inafanya kazi hadi leo. Kati ya mwaka 1923 na 1930, Wamennonite wapatao 20,000 walihama kutoka huko wakaenda Kanada. Wengi walifika mikono mitupu, wakaanza maisha upya.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, akina mama wa Kanada na Marekani walikaa vikundi vikundi wakishona mablanketi ya viraka kwa ajili ya watu wa Ulaya waliopoteza nyumba. Mara nyingi hawakununua vitambaa vipya. Walikata nguo kuukuu na mabaki ya gauni na mashati. Katika jumuiya hizo za Kanada walikuwamo waliofika kama wakimbizi miaka ya 1920. Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji watulie kidogo: aliyekuwa akipewa jana, leo alikuwa ameshika sindano.

Mablanketi hayo mengine yalifika Uholanzi. Huko Irnsum aliishi An Keuning-Tichelaar na mumewe, mchungaji. Wakati wa vita waliwaficha watu waliokuwa wakisakwa. Baada ya vita, nyumba yao iliwapokea wakimbizi Wamennonite waliotoka Ukraine kwa miguu na mikokoteni kupitia Ujerumani. Wakimbizi hao walilala chini ya mablanketi ya viraka yaliyovuka bahari. Mwaka 1947 meli iitwayo Volendam iliwachukua wengi wa wakimbizi wa aina yao kwenda Paraguay. Mama An aliyatunza baadhi ya mablanketi yale kwa miaka mingi, na mwaka 2005 historia yake ikachapishwa katika kitabu.

Walutheri wa Marekani nao waliunda shirika la Lutheran World Relief mwaka 1945, na akina mama wa makanisa yao wamekuwa wakishona mablanketi ya namna hiyo kwa ajili ya nchi nyingi zenye shida. Kipimo chao ni futi 5 kwa futi 6 na inchi 8, ili mtu mzima ajifunike, au mama na watoto wake. Anayelipokea hulifanya pia mkeka, pazia la mlango, au mbeleko.

Sasa namna ya kulishona. Fueni vitambaa kwanza, maana kitenge kipya huchuja rangi. Kateni vipande vya mraba vya sentimita 17 kila upande. Shoneni mkiacha sentimita 1 ya mshono, ili kila kipande kibaki sentimita 15. Vipande 10 kwa upana na 13 kwa urefu, jumla 130, vinatoa blanketi la sentimita 150 kwa 195. La mtoto mchanga ni vipande 6 kwa 8, jumla 48, na anayejifunza aanzie hapo.

Kisha tandikeni shuka la chini, lipite kila upande kwa vidole vinne. Juu yake wekeni blanketi kuukuu lililofuliwa, halafu ule uso wa viraka. Pitisheni uzi mnene katika kila pembe ya viraka inapokutana, mfunge fundo mara mbili. Fundo likilegea, tabaka la kati litajikunja siku ya kwanza ya kufua. Mwisho kunjeni ukingo wa shuka uje juu, mshone pande zote. Asiye na cherehani asikate tamaa, kwani mkono unatosha.

Ndugu zetu, kamati haina amri juu ya sindano ya mtu. Tunajua pesa ya sokoni ndiyo inayonunua sabuni na daftari za watoto, na hatumlaumu mama anayetaka kuuza. Lakini kusema kwamba mkimbizi hana cha kutoa, historia inakataa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Kwa hiyo tunapendekeza: katika kila mablanketi manne, matatu yauzwe na moja liende kwa wageni, kuanzia wajawazito na wazee. Ndugu wa mashirika tunawaomba kitu kimoja tu, mablanketi yaliyochakaa yasitupwe, tuletewe tuyafue yawe tabaka la kati.

Usiku ule tulipofika sisi, wengi tulijifunika kanga iliyoloa mvua. Hatujasahau. Anayefika kesho akute tumeshamshonea.