Walsingham: Nyumba Baina ya Tungo Tatu

Katika kijiji cha Walsingham, jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza, limesalia tao moja refu la mawe, limesimama peke yake katikati ya majani. Hapo zamani palikuwa na dirisha la kanisa kubwa. Kanisa hilo lilikuwa la makanoni wa Mtakatifu Agostino, na kwa karne kadhaa mahujaji walimiminika huko kutoka pande zote za nchi. Wafalme waliitajirisha nyumba hiyo, na mfalme ndiye aliyeivunja. Habari zake zimetufikia kwa hati na kwa mashairi, na kila kimoja kimehifadhi kile ambacho mwenziwe amekipoteza.

Utungo wa kwanza ni wa masimulizi, uliopigwa chapa na Richard Pynson mjini London mnamo miaka ya 1490. Wasimulia kwamba mwaka 1061 mjane mmoja tajiri, jina lake Richeldis, alionyeshwa na Bikira Maria ile nyumba ya Nazareti ambamo Malaika Gabrieli alimpasha habari ya kumzaa Yesu, akaamrishwa ajenge mfano wake. Mafundi walishindwa kuisimamisha. Kulipokucha wakaikuta imekwisha simama, imara kuliko kazi ya mikono yao, futi mia mbili na zaidi kutoka pale walipoianza.

Kisa ni kitamu, ila kilitungwa zaidi ya miaka mia nne baada ya mwaka kinaoutaja. Wanahistoria wengi wauona mwanzo wa nyumba hiyo kuwa ni karne ya 12. Hati ya Geoffrey de Faverches yataja kanisa dogo alilolijenga mama yake, na mnamo 1153 hivi makanoni walikwisha kukaa hapo. Basi hati yamtaja mama bila ya jina, na shairi latoa jina bila ya mwaka wa kutegemewa.

Makanoni hao walikuwa mapadre walioishi pamoja, wakila meza moja na bila ya mali ya mtu binafsi, kwa kanuni iliyonasibishwa na Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, na kufariki mwaka 430. Kwao alifika Mfalme Henry wa Tatu mwaka 1226, naye akarudi mara nyingi. Mwaka 1511 alifika Henry wa Nane kushukuru kwa kuzaliwa mtoto wa kiume. Yasemekana sehemu ya njia aliikata kwa miguu mitupu. Mtoto yule aliishi siku 52 tu.

Utungo wa pili uliletwa na mgeni. Mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam alizuru mwaka 1512, akatoa sadaka ya shairi la Kiyunani. Katika mazungumzo aliyoyachapisha mwaka 1526 anaeleza kwa mzaha jinsi watu walivyoyakodolea macho maandishi hayo wasiyaelewe, wakadhani ni Kiebrania. Aliyaona pia mengine: kijumba chenyewe ni chembamba na chenye giza, kimewashwa mishumaa, kimejaa dhahabu, fedha na vito, ilhali kanisa linalokizunguka halijamalizika na upepo wapita madirishani. Mwandishi aliyekuwa akicheka ndiye aliyetuachia picha bora kuliko waliokuwa wakisujudu.

Kisha upepo ukageuka kweli. Mwaka 1534 Mkuu wa nyumba, Richard Vowell, pamoja na wenzake, walitia saini kukiri kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa. Zilipoanza kuvunjwa nyumba za watawa, baadhi ya watu wa Walsingham walipanga kuasi. Njama ikafichuka, na mwaka 1537 watu 11 wakauawa, miongoni mwao Nicholas Mileham, msaidizi wa Mkuu. Mwaka uliofuata sanamu ya Bikira Maria ilichukuliwa London ikachomwa moto, na mwezi wa Agosti nyumba ikakabidhiwa kwa mfalme. Vowell alipewa malipo ya uzeeni ya pauni 100 kwa mwaka. Uwanja wote, pamoja na kanisa lake, uliuzwa kwa pauni 90.

Hesabu hizo twazipata katika hati. Uchungu wake umo katika utungo wa tatu, maombolezo yaliyosalia katika mswada uliohifadhiwa Oxford. Mtungaji hakutaja jina lake. Wako wanaomnasibishia Philip Howard, aliyefia gerezani katika Mnara wa London mwaka 1595. Anaitazama minara iliyolala chini, anasikia bundi pale palipoimbwa nyimbo za ibada, na anaomboleza. Wimbo mwingine uitwao Walsingham nao ulienea, hata William Byrd na John Bull wakaichukua lahani yake wakaitungia muziki wa kinanda.

Mwaka 1961 wachimbuaji walipata, upande wa kaskazini wa kanisa, mabaki ya msingi wanaoamini kuwa ni wa kile kijumba. Hija nayo imerejea tangu mwaka 1897, na Wakatoliki na Waanglikana wana mahali pao pa kuzuru. Wapitao kando ya lile tao huona jiwe na majani tu. Aliyekwisha kuyasoma maombolezo husikia na bundi.