Mafuta Endelevu ya Ndege na Mabadiliko ya Tabianchi

Mafuta endelevu ya ndege hufanana kikemia na mafuta ya taa yanayoendesha injini za ndege, ila hayachimbwi ardhini. Kwa sasa mengi hutengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na kwa shahamu ya wanyama. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba yakiungua angani hutoa hewa ya ukaa karibu sawa na mafuta ya kawaida. Faida yake iko kwingine: kaboni hiyo ilifyonzwa na mimea kutoka hewani siku za karibuni, wala haikutolewa katika hifadhi iliyofukiwa kwa mamilioni ya miaka. Tukihesabu tangu malighafi hadi injini, upungufu unaweza kufikia asilimia 80. Nasema unaweza, maana msitu ukifyekwa ili kupanda mazao ya mafuta, faida hiyo hutoweka.

Kwamba ndege huruka kwa mafuta haya hakuna ubishi tena. Mwezi Mei 2023 Kenya Airways iliyatumia, yakiwa yamechanganywa na ya kawaida, kutoka Nairobi hadi Amsterdam. Novemba mwaka huohuo Virgin Atlantic ilisafiri kutoka London hadi New York kwa mafuta haya pekee, kwa kibali maalumu, kwani kwa kawaida mchanganyiko hauruhusiwi kuzidi nusu.

Shida ni wingi. Mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni 1, yaani asilimia 0.3 hivi ya mafuta yote ya ndege. Umoja wa Ulaya umeagiza asilimia 2 mwaka 2025, 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050. Mabaki ya vikaango hayatafikisha huko. Ndipo macho hugeukia ardhi, na mara nyingi ni ardhi ya Afrika.

Sisi Tanzania tulikwisha kuyaona. Huko Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 zilitolewa kwa kampuni ya Uingereza ilime mibono kaburi kwa ajili ya nishati. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Vibarua wakakosa ujira, na wanavijiji ardhi walikuwa wamekwisha kuiachia. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikataa kutenga suala la mazingira na hali ya maskini, na Kisarawe inaonyesha sababu.

Makueni nchini Kenya wamechukua njia nyingine. Kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2022 hukamua mbegu, zikiwemo za mbarika, kutoka kwa wakulima wadogo, na mafuta husafirishwa kwenda Italia kusafishwa. Hapa mkulima habanduliwi shambani mwake, nami naona ni nafuu kubwa. Lakini bei anayolipwa, na kama mbarika itasukuma mahindi nje ya shamba, ni mambo ya kufuatiliwa kila msimu.

Yapo pia mafuta yanayotengenezwa kwa umeme wa jua au upepo, maji na hewa ya ukaa, yasiyohitaji mashamba. Bei yake bado ni mara kadhaa ya mafuta ya kawaida.