Betri Mbovu za Simu na Fidia Yake, Kutoka BL-5C Hadi Mpakani Tarakea

Kabla simu janja hazijaenea, fidia ya betri mbovu ilizihusu simu ndogo za vibonyezo. Tarehe 14 Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri zake za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata shoti na kuchemka zikiwa kwenye chaji. Matukio yaliyoripotiwa duniani yalikuwa kama 100. Betri hiyo ndiyo iliyotumika kwenye Nokia 1100, simu ya tochi iliyojaa vijijini Afrika Mashariki, kwa hiyo tangazo liliwagusa watu wa Rombo, Tanzania, sawa na wa Ulaya.

Betri mpya ilitolewa bure, ila kwa utaratibu. Mwenye simu alifungua mfuniko, akachomoa betri, akaigeuza na kusoma mgongoni namba yenye herufi na tarakimu 26, kisha akaihakiki kwenye tovuti ya kampuni au kwa kupiga simu. Kwa kijiji kisicho na intaneti, huo ulikuwa mlima. Tena BL-5C feki zilikuwa tele sokoni, na feki haina mtengenezaji wa kudaiwa.

Simu janja zilikuza gharama. Mwaka 2016 Samsung iliagiza Galaxy Note 7 zipatazo milioni 2.5 zirudishwe baada ya baadhi kuwaka moto. Zilizotolewa badala yake nazo zikawaka, na Oktoba uzalishaji ukakoma. Wateja wakarudishiwa fedha au kupewa simu nyingine. Apple, iliyokiri Desemba 2017 kwamba ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ilikubali mwaka 2020 kulipa hadi dola milioni 500. Malipo ya 2024 yalikuwa kama dola 92 kwa kila dai, lakini kwa wateja wa Marekani tu. Mwenye iPhone hiyohiyo mjini Moshi hakuwamo, na hilo halikuwa haki.

Haki ya fidia hutegemea pia upande wa mpaka. Tarakea, wilayani Rombo, inatazamana na Illasit na Loitokitok za Kenya, na sheria hubadilika pale mpakani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa. Tanzania humlinda mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Simu feki zilizimwa Kenya mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016. Wenye nazo wakalazimika kununua nyingine.

Betri ikivimba hadi kuinua kioo, wengi huipeleka kwa fundi simu na kulipa kutoka mfukoni. Anayetaka kudai humrudia kwanza muuzaji, akiwa na risiti na waranti. Aliyenunua Loitokitok huvuka mpaka kudai kwa sheria ya huko, na aliyenunua mkononi bila karatasi hubaki na fundi wake.