Mtoto akivunja sheria, si lazima mambo yaishie kizimbani

Chukulia kijana wa miaka 15 ameiba betri ya sola ya jirani. Jirani ameripoti polisi, na kijana amekamatwa. Wazazi wengi hapo huona njia mbili tu: jela, au kumalizana kichinichini. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatoa njia ya tatu.

Kwa sheria hiyo, asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na mahakama haiwezi kumfunga jela. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa kosa la jinai.

Njia ya tatu ni ipi?
Ni kuitoa kesi mahakamani na kutafuta marekebisho. Mtoto, wazazi na aliyekosewa wanaweza kukutanishwa mbele ya afisa. Mtoto huomba msamaha, hurudisha mali au hulipa fidia. Anaweza pia kupewa kazi ya jamii bila malipo, mfano kufagia soko au kupanda miti. Kazi hiyo isiwe ya hatari wala kumkosesha masomo.

Masharti yake
Lazima pawe na ushahidi wa kutosha, na mzazi au mlezi akubali. Kubwa zaidi, mtoto akiri kosa kwa hiari yake. Mzazi, usimlazimishe mwanao akiri ili yaishe haraka. Kama hakuiba, ana haki ya kukana na kusikilizwa mahakamani.

Aliyekosewa anapata nini?
Katika kesi za kawaida, mwenye mali mara nyingi hurudi nyumbani mikono mitupu hata mwizi akiadhibiwa. Hapa anapata nafasi ya kueleza hasara yake na kusema angetaka irekebishwe vipi.

Je, huku si kumdekeza mtoto?
Hapana. Akivunja masharti, kesi inaweza kurudi mahakamani. Akiyatimiza, sheria inalenga asibaki na rekodi ya uhalifu. Hilo ni jambo zito, kwani kesho atatakiwa kuonyesha cheti cha tabia njema anapotafuta kazi.

Ufanye nini?
Mtoto akikamatwa, fika kituoni mapema, usisubiri kesho. Omba afisa wa watoto ahusishwe, na uulize kama kesi inaweza kumalizwa nje ya mahakama. Ukihitaji msaada, piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa.