Pasipoti au kitambulisho? Historia fupi ya jedwali la ukweli

Leo twende mpakani. Tangu 2014, Mkenya anayevukia Busia au Malaba kuingia Uganda anaweza kuonyesha kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Tuandike sharti hilo kama kauli: "Ana pasipoti au ana kitambulisho." Kauli mbili, na kiungo kimoja kidogo, "au". Kiungo hicho kiliwagombanisha watu wazito.

George Boole, profesa wa hisabati huko Cork, Ireland, alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichogeuza mantiki kuwa aljebra. Lakini kujumlisha kwake kulifaa pale tu ambapo makundi mawili hayana kitu cha pamoja. William Stanley Jevons alimwandikia mwaka 1863 akidai kwamba kitu kikijumlishwa na chenyewe kinabaki kilekile. Boole alikataa katakata, akafariki 1864. Mwaka huohuo Jevons alichapisha mfumo wake, na "au" yake ndiyo iliyoshinda.

Jedwali lenyewe lilichelewa. Limo katika hati ya Charles Peirce ya 1893, ambayo haikuchapishwa wakati wake. Mwaka 1921 Emil Post na Ludwig Wittgenstein walilichapisha, kila mmoja kivyake. Hili hapa (1 ni kweli, 0 ni uongo):

pasipoti | kitambulisho | au
1 | 1 | 1
1 | 0 | 1
0 | 1 | 1
0 | 0 | 0

Ubishi wote ulikuwa kwenye mstari wa kwanza. Mtu akiandika programu ya uhamiaji kwa "au" ya kutenga, abiria mwenye hati zote mbili atarudishwa! Na Kiswahili chetu hakisaidii: ukiulizwa hotelini "chai au kahawa?", hutarajiwi kujibu vyote.

Sasa "na". Mfanyabiashara mdogo hupewa cheti rahisi cha uasili, asilipe ushuru wa forodha, iwapo bidhaa zimetoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000. Masharti matatu, kwa hiyo mistari 8 (2 × 2 × 2), na "na" hupitisha mmoja tu.

Ni rahisi kukumbuka dola na kusahau asili. Mahindi ya dola 300 yaliyovunwa Uganda yanapata 1 kila safu. Robota la mitumba la dola 300 lina 1 kwenye thamani, lakini nguo hizo zimetoka ng'ambo: asili ni 0, jibu ni 0.

Mama anayeambiwa "hapana" dirishani bila kuelezwa ni safu gani yenye 0 hajui kama apunguze mzigo, alipe ushuru, au (wengine hufanya hivyo) azungukie njia za panya. Mistari minane inatosha karatasi moja ya kubandika ukutani.