Prosesa chini ya nyuzi sifuri: Jinsi ya kutambua chanzo cha kuyumba

KUIENDESHA prosesa kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa na kiwanda ni jambo linalowavutia mafundi na wapenzi wengi wa kompyuta duniani. Wanaotafuta kasi ya juu kabisa huachana na feni na kuipoza prosesa kwa barafu kavu, yenye nyuzi joto 78.5 chini ya sifuri, au kwa nitrojeni ya kimiminika, inayochemka katika nyuzi 196 chini ya sifuri.

Mwaka 2011 prosesa ya AMD FX-8150 ilifikishwa gigahezi 8.429, yaani mapigo zaidi ya bilioni nane kwa sekunde, ikiwa imepozwa kwa heliamu ya kimiminika. Desemba 2022 prosesa ya Intel Core i9-13900K ilivuka gigahezi 9 kwa njia hiyohiyo. Kasi hizo hudumu kwa muda mfupi tu, na nyuma yake huwa kuna majaribio mengi yaliyoishia kwa mashine kuganda, kujizima au kukataa kuwaka.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kila tatizo hutibiwa kwa kuongeza baridi au kuongeza volti, ilhali mara nyingi dawa ni kinyume chake.

Baridi husaidia, kisha huzuia

Prosesa imeundwa kwa transista ndogo mno. Zinapopoa, umeme unaovuja ndani yake hupungua na ukinzani wa nyaya za shaba hushuka. Kwa sababu hiyo prosesa huweza kuvumilia volti kubwa na kasi kubwa bila kuungua.

Hata hivyo, transista iliyo katika baridi kali huhitaji volti kubwa zaidi ili ianze kupitisha umeme. Isitoshe, sakiti zinazotengeneza mapigo na zinazoongoza memori hazikusanifiwa kufanya kazi katika baridi ya namna hiyo. Ikifika nyuzi fulani, prosesa huganda ghafla, hata kama kasi iliyowekwa ni ndogo.

Kuna pia aina ya pili ya kasoro hiyo: mashine iliyokwisha kuwaka huendelea vizuri katika baridi kali, lakini ikizimwa haiwaki tena mpaka ipate joto kidogo. Prosesa mbili za aina moja, hata zilizonunuliwa siku moja, huweza kutofautiana katika kiwango cha baridi zinachokivumilia.

Unyevu ni adui wa kwanza

Kabla ya kuilaumu prosesa, fundi hana budi kuchunguza maji. Hewa inapogusa kitu cha baridi huacha umande, kama inavyoonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu.

Chukulia Kigonsera, katika nyanda za juu za Mbinga mkoani Ruvuma. Siku ya masika ambayo chumba kina nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kutua juu ya kitu chochote kilichopoa hadi takriban nyuzi 16. Ni tofauti ya nyuzi nne tu. Ubao mkuu wa kompyuta huanza kutokwa jasho muda mrefu kabla ya kukaribia sifuri. Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, joto ni kubwa zaidi na hewa huweza kubeba mvuke mwingi zaidi.

Kinga yake ni kuufunika ubao kuzunguka prosesa kwa mafuta mazito ya vaselini au kwa ufutio laini unaofinyangika, kisha kuzungushia sponji na karatasi za kunyonya maji. Nyuma ya ubao nako kufunikwe, kwani baridi hupenya hadi upande wa pili. Kompyuta ikianza kuyumba dakika nyingi baada ya kazi kuanza, bila kufuata nyuzi wala kasi maalumu, maji yashukiwe kwanza.

Kutambua chanzo

Hatua ya kwanza ni kuijaribu mashine ikiwa na feni yake ya kawaida na kasi ya kiwandani. Isipotulia hapo, tatizo halihusiani na baridi. Huenda ni memori, kigawa umeme au ubao wenyewe. Memori nayo ibakizwe katika kasi yake ya kawaida mpaka prosesa iwe imethibitika.

Baada ya hapo, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe daftarini: nyuzi joto, volti, kasi na kilichotokea. Vipimajoto vilivyomo ndani ya prosesa haviaminiki chini ya sifuri, hivyo kipimajoto cha waya kifungwe kwenye chombo cha shaba kinachobeba nitrojeni.

Mashine ikiganda katika nyuzi zilezile kila mara, hata kasi inapopunguzwa, hicho ndicho kikomo cha baridi. Chombo kiachwe kipate joto kwa nyuzi 10 hivi, kisha jaribio lirudiwe. Ikishindwa katika kasi ileile hata nyuzi zinapobadilishwa, basi kasi ni kubwa kuliko volti iliyopo.

Ikishindwa pale tu inapopewa kazi nzito, huku chombo kikibaki na baridi, huenda dawa ya kupitishia joto kati ya chombo na prosesa imeganda na kupasuka. Hapo joto la prosesa halina njia ya kutoka. Kuongeza nitrojeni hakusaidii. Sharti mashine izimwe, ipate joto, ikaushwe na kupakwa dawa upya.

Kompyuta inayozimika kabisa, badala ya kuganda, huelekeza macho kwenye umeme. Wilaya ya Mbinga ilitegemea jenereta za dizeli kabla ya laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018. Hata penye gridi ya Taifa, umeme unaopanda na kushuka huweza kuharibu jaribio, hivyo kidhibiti volti ni cha lazima.

Volti na usalama

Volti iongezwe kidogokidogo na iwe hatua ya mwisho. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilieleza kwamba volti iliyozidi ilikuwa ikisababisha baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 kuyumba, hata kwa watumiaji wa kawaida. Ilitoa marekebisho na kuongeza udhamini kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayo hayakuziponya prosesa zilizokwisha kudhurika.

Hatari kubwa zaidi ni kwa binadamu. Lita moja ya nitrojeni ya kimiminika hugeuka kuwa takriban lita 700 za gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huisukuma nje oksijeni ya chumba. Mtu huweza kuzirai bila kuhisi dalili. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, kwa glavu na miwani ya kinga, na kamwe chombo kisizibwe, kwani gesi iliyokosa njia hukipasua.

Nchini Tanzania kimiminika hicho kinafahamika zaidi kwa wafugaji kuliko kwa mafundi wa kompyuta. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, hukitumia kuhifadhi mbegu za madume bora ya ng'ombe. Mitungi yake haizibwi kabisa, ili gesi ipate njia ya kutoka.

Kwa fundi wa Kigonsera asiye na nitrojeni, utaratibu huohuo wa kupima unamfaa hata akiwa na feni tu. Chumba kinapopoa kwa nyuzi moja, prosesa yenye feni nayo hupoa kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kipupwe cha Juni na Julai, chenye baridi na ukavu, humpa msaada ambao hana haja ya kuununua.